Ukakasi wa Omuramba

Kuna neno la Kiswahili ambalo ulimi wangu ulilijua kabla sijalijua kwa jina. Nilipokuwa mdogo, hapa kwetu Izigo, wilayani Muleba, nilikuwa nikiiba ndizi ambayo haijaiva sawasawa, naing'ata haraka, na papo hapo mdomo unakauka. Ulimi unakuwa kama umepigwa msasa. Unatafuta mate ya kumezea, hayapo. Siku moja nilimwambia mama kwamba ndizi ni chungu. Akasema hapana, chungu ni mwarobaini. Nikasema basi ni chachu. Akasema chachu ni limao. Kwa Kihaya aliniambia kwamba ulimi umeshikwa, kisha akatafuta neno la Kiswahili la kunisahihisha, kwa sababu alitaka tuongee Kiswahili ili tufaulu shuleni. Hakulipata. Akaniambia niiteme tu.

Neno nilikuja kulipata chuo kikuu, kwa mwenzangu wa chumba aliyetoka Lindi. Alikuwa akinisimulia mabibo ya kwao, yale matunda yanayobeba korosho. "Matamu," alisema, "ila yana ukakasi." Nikamwomba arudie. Akarudia, akinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Nikaandika kwenye daftari: ukakasi. Chini yake nikaandika kwamba si ladha, ni mguso. Mtu akikuambia kitu ni kichungu anakuambia ladha yake, lakini akikuambia kina ukakasi anakuambia kinavyokukwaruza.

Baada ya hapo nililisikia kila mahali. Mhadhiri alisema hoja yangu ina ukakasi kidogo. Redioni walisema mkataba fulani una ukakasi kidogo. Katika vikao vya wanafunzi, hesabu za safari zisipoeleweka, mtu alisimama akasema jambo hili lina ukakasi kidogo, akaketi, na sote tukatikisa vichwa. Niligundua kwamba neno hili karibu kila mara hutembea na "kidogo". Hakuna aliyesema jambo ni baya. Na mimi nikawa hodari wa kulitumia hivyo. Mimi ni mtu ninayesoma ujumbe mfupi mara nane kabla ya kuutuma, na mara ya tisa baada ya kuutuma. Neno la namna hiyo lilinifaa.

Nilirudi Izigo na shahada ya ualimu, Kiswahili na historia, kusubiri ajira. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Baba hakuwahi kunisema kwa hilo. Alichofanya ni kutonipa kazi yoyote yenye uzito. Kahawa aliuza mwenyewe. Mabomba ya maji alifunga mwenyewe. Nikishika panga kukata mkungu, alisimama nyuma yangu mpaka nimalize, na nikimaliza aliurekebisha mkungu pale nilipouweka, hata kama ulikaa vizuri.

Kisha akaanguka na pikipiki akitoka Muleba mjini, goti likavimba, akaanza kutembelea fimbo. Hiyo ilikuwa Oktoba. Mwezi Novemba wakwe wa dada yangu walipanga kuja kujitambulisha rasmi.

Lazima nieleze kuhusu omuramba. Ni juisi ya ndizi mbivu, iliyokamuliwa na kuchujwa, kabla haijachachushwa kuwa pombe. Sisi ni Walutheri, na wakwe hao kutoka Kagondo, Bukoba, ni Walutheri wakali kutuzidi sisi. Kwao pombe haiingii hata kwenye sherehe, kwa hiyo omuramba ndicho kinywaji chenyewe. Na baba yangu alijulikana kwa omuramba. Watu walimwita mpaka Kagoma akasimamie ukamuaji. Siri yake haikuwa kwenye kukamua, ilikuwa kwenye shimo. Ndizi huivishwa shimoni, na zikitoka hazijaiva vizuri, juisi inachelewa kutoka na inakuwa na ukakasi, na hakuna la kufanya.

Siku sita kabla ya wageni, Jumapili baada ya ibada, baba aliniita shambani.

"Mimi siwezi kuingia shimoni na goti hili," akasema. "Shimo ni lako."

Nilisubiri aseme zaidi. Akahesabu kwa vidole: "Chimba. Choma majani makavu ndani mpaka udongo upate joto. Tandika majani mabichi. Panga ndizi. Funika majani, funika udongo. Ondoka."

"Niondoke?"

"Kuondoka nako ni kazi. Usilifungue mpaka Ijumaa asubuhi."

Nilifanya yote sawasawa. Hata baba mdogo, ambaye hutania kila kitu, alilizunguka lile shimo akasema, "Nshomile amechimba kaburi la kistaarabu." Nshomile maana yake nimesoma, ndilo jina wanalotutania nalo sisi Wahaya nchi nzima, na nyumbani kwetu ndugu zangu hunitania nalo mimi. Tulifunika saa tisa alasiri. Nilifukia kwa koleo, nikapigapiga udongo kwa mgongo wa koleo, nikaondoka.

Usiku wa Jumatatu mvua ikanyesha.

Nilikaa macho nikiisikiliza juu ya bati. Asubuhi ya Jumanne nilikwenda kulitazama shimo. Udongo ulikuwa umelowa na baridi. Nikatoa simu, nikasoma kuhusu kuiva kwa ndizi. Nilisoma kwamba ndizi inayoiva hutoa hewa yake ambayo huivisha wenzake, na kwamba hewa hiyo na joto vikitoka, kazi inasimama. Nilielewa vizuri kabisa. Ningeweza kufundisha kipindi kizima. Na bado nilibaki pale na swali moja: kama baridi imeshaingia, je, si ni bora nijue leo kuliko kujua Ijumaa? Nikijua leo naweza kurekebisha. Nisipojua, nimekaa tu.

Nikafukua upande mmoja, ule wa kuelekea mgomba mkubwa, upana wa mkono. Nikaingiza mkono chini ya majani. Kulikuwa na joto, joto zuri kama la tumbo la ng'ombe. Mvuke ukanipiga usoni. Nikachomoa ndizi moja, nikaing'ata. Ulimi ukashikwa. Bila shaka ungeshikwa, ilikuwa siku ya pili tu. Nikafunika haraka. Nikajiambia nimetuliza moyo, sasa naweza kusubiri.

Jumatano asubuhi nikafikiri: je, ule ufa nilioufungua jana niliuziba vizuri? Nikalifungua palepale ili nihakikishe nililiziba. Joto halikuwa kama la jana. Niling'ata ndizi nyingine. Ukakasi uleule. Nikaongeza majani, nikaongeza udongo mkavu niliochota chini ya mgomba, nikalishindilia kwa miguu.

Jioni ile tulikuwa mezani. Dada yangu alikuwa akieleza rangi ya kitambaa atakachovaa. Baba alikuwa anachambua mfupa wa samaki, akasema bila kuinua macho:

"Shimo hujaligusa?"

"Sijaligusa, Tata."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua, kwa kweli. Nilisema kwa sababu dada alikuwa pale akicheka, na kwa sababu nilidhani bado kuna siku mbili, na kwa sababu kusema ndiyo kungehitaji maelezo marefu ambayo nilikuwa sijayapanga. Baba akatikisa kichwa, akaendelea na samaki. Mama akaniuliza mbona sili.

Alhamisi nilimsindikiza baba Bukoba kutazamwa goti. Njia nzima nilikaa karibu naye nikitunga sentensi. Nilianza na "Tata, kuna jambo." Nikaifuta, kwa sababu mtu akisikia "kuna jambo" anaanza kuogopa kabla halijasemwa. Nikajaribu "Unajua ile mvua ya Jumatatu?" Nikaona hiyo inailaumu mvua. Nikajaribu hata "Nadhani shimo lina ukakasi kidogo." Tukafika.

Tukitoka hospitali tulipita sokoni kununua vikombe vya wageni. Pale kwenye vyombo tukakutana na mama mnene, kanga mbili, sauti kubwa. Alikuwa shangazi wa mchumba wa dada yangu, ndiye atakayeongoza upande wa wanawake siku hiyo. Alimsalimu baba kwa Kihaya cha heshima, wakaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za goti. Kisha akageuka kwangu.

"Huyu ndiye mwalimu?"

"Ndiye," baba akasema. "Safari hii yeye ndiye mwenye shimo."

Alisema hivyo. Hakuwahi kunitambulisha kwa mtu kwa kitu chochote tangu nirudi.

"Eh! Basi, waitu, sisi tunakuja na kiu," shangazi akasema. "Nimewakataza watu wangu wasinywe hata chai asubuhi hiyo. Nimewaambia omuramba wa Izigo haunyweki juu ya chai." Akanipiga begani. "Mwalimu, usituangushe. Nitakuchapa mbele ya wakwe."

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, nikaanza kuhesabu vikombe upya.

Tulifika Izigo saa kumi. Baba aliingia ndani kulaza mguu. Mimi nilikwenda moja kwa moja shambani, nikalifungua shimo mara ya tatu. Upande ule niliokuwa nikiufungua ulikuwa wa baridi kama udongo wa kawaida. Ndizi zilikuwa zimekaa vilevile, kijani na ngumu. Nilisukuma mkono ndani zaidi, mpaka begani, nikiwa nimelala kifudifudi, nikagusa zile za upande wa pili. Hizo zilikuwa laini. Nusu ya shimo ilikuwa imeiva na nusu nilikuwa nimeiua. Nikalala pale muda, mkono ndani ya ardhi. Kisha nikafunika.

Ijumaa asubuhi tulifukua na baba mdogo. Tukakaa na mabeseni kumenya. Ndizi iliyoiva ganda lake linavuka lenyewe kama soksi. Iliyo mbichi ganda linang'ang'ania, unalitoa vipande vipande, na utomvu unakushika vidole mpaka vinakuwa vyeusi. Baba mdogo alimenya tatu za kwanza. Ya nne akainua juu.

"Hii ilikuwa shimo gani?"

"Ni hilohilo."

"Na hii?" Akainua nyingine, ya njano, laini. "Hizi si za mama mmoja."

Nikaendelea kumenya. Baba mdogo alitazama vidole vyangu, akatazama shimo, akatazama nyumba.

"Uliwafungulia mlango," akasema.

"Mara tatu."

"Tatu! Mtu akifungua mara moja tunasema ni mtoto. Mara mbili tunasema ni mwizi. Mara tatu sijui tunasema nini, labda huko chuoni wana neno." Akaona uso wangu, akaacha kutania. "Sikiliza. Twende kwa jirani hapo juu. Ana ndizi mbivu, anakamua kesho kwa ajili ya kwaya. Atatupa mabeseni mawili, tutamrudishia."

Ilikuwa njia ya kweli. Ilikuwa dakika kumi za kupanda mlima. Lakini yule jirani angeuliza kulikoni, na angemuuliza baba, na si mtu wa sauti ndogo.

"Baba atasikia," nikasema.

"Atasikia tu."

"Tuchague zilizoiva peke yake."

"Hazitoshi watu arobaini."

"Basi tuchanganye. Labda zilizoiva zitafunika."

Baba mdogo aliguna. Tukazitia zote kwenye obwato, ule mtumbwi wa mti wa kukamulia, tukaongeza nyasi kavu, tukapanda na kuanza kukanyaga. Kukanyaga ni kazi ya mdundo, na kwa kawaida watu huimba. Hatukuimba. Ndizi mbivu zilisagika mapema, lakini zile mbichi ziliteleza chini ya visigino kama mawe ya mtoni. Juisi ilichelewa kutoka, na ilipotoka ilikuwa nyeupe-nyeupe, si ya dhahabu. Baba mdogo alichovya kikombe, akaonja, akatoa ulimi nje na kuufuta kwa mgongo wa mkono.

"Msasa," akasema.

Nikaonja. Mwanzoni ilikuwa tamu. Kisha ule mkwaruzo ukaja kutoka pembeni, ukashika ulimi, ukashika kaakaa, ukabaki. Niliposukuma ulimi kwenye meno nilisikia kama yana vumbi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo lilikuwa baya kuliko shimo. Nilikwenda dukani nikanunua sukari kilo tatu, nikaja nikaimimina kwenye pipa na kukoroga kwa mwiko mpaka bega likauma. Baba mdogo alinitazama.

"Sukari haiondoi hiyo," akasema. "Unaivisha nguo tu."

Ilikuwa kweli. Nilipoonja tena ilikuwa tamu sana, na baada ya utamu ukakasi ulikuwa palepale ukinisubiri. Wakati huo nilikuwa nimeshapita mahali pa kurudi. Sasa nilikuwa na mambo mawili ya kusema badala ya moja, na jioni yote sikusema hata moja. Baba aliuliza imetokaje. Baba mdogo akasema imetoka nyingi. Ilikuwa kweli, na baba hakuuliza zaidi. Lakini hakuomba kuonja pia. Hilo lilinikosesha usingizi: miaka yote baba alionja Ijumaa.

Jumamosi walikuja watu thelathini na wanane. Tuliweka turubai uani, viti vya kukodi, majani mapya chini. Mwinjilisti aliomba. Wazee wakasalimiana kwa zamu. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa kwa wageni, kila mtu akachukua punje zake. Dada yangu alikuwa bado ndani. Asingetoka mpaka wageni wanywe na kueleza walichokuja kutafuta. Niliweza kumwona dirishani, nyuma ya pazia, akirekebisha kitambaa kichwani.

Kwetu, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone kwamba hakuna ubaya ndani ya kibuyu. Akishaonja ndipo mkubwa wa wageni anapewa. Na anayeleta kibuyu ni yule aliyekamua. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la mahafali. Nilitembea kutoka jikoni mpaka alipokaa baba, hatua kama ishirini, nikishika kibuyu kwa mikono miwili, na watu wote wakinitazama kwa furaha. Shangazi wa Kagondo alisema kwa sauti, "Huyo mwalimu wetu huyo!" na wanawake wa upande wake wakapiga vigelegele.

Nilikuwa nimepanga usiku kucha namna ya kukabidhi. Nilikuwa na sura tayari. Nilikuwa nimeamua kwamba labda baba angemeza, na mgeni angemeza kwa adabu, na siku ingepita. Kisha baba akanyoosha mikono kupokea. Goti lake lilikuwa limefungwa bandeji chini ya suruali, mguu umenyooka mbele, na hakuweza kuinama vizuri, kwa hiyo ilibidi mimi niiname mpaka karibu na sikio lake.

"Tata," nikasema chini kwa chini, "nilifungua shimo. Mara tatu."

"Najua," akasema hivyohivyo, bila kusogeza midomo. "Lete."

"Na nimetia sukari."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Sukari?"

"Kilo tatu."

Baba alifumba macho, akayafumbua. Akachukua kibuyu mkononi mwangu. Nilibaki nimeinama, sikujua kama nisimame au nipige magoti au nikimbie kupitia migomba mpaka Ngenge.

Akanywa. Hakumeza haraka. Aliuweka omuramba mdomoni, na nilimwona shavu likivutwa ndani kidogo. Akameza. Akashusha kibuyu juu ya goti lake zima. Hakumpa mgeni.

Alianza kwa Kihaya, kwa sauti yake ya kawaida. Alisema wageni wamekuja na kiu, na nyumba hii haina desturi ya kumpa mgeni kitu bila kumwambia ni nini. Kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa ajili ya marafiki wa mchumba waliotoka Mwanza.

"Omuramba huu una ukakasi," akasema. "Shimo lilifunguliwa kabla ya siku. Kijana wangu alilifungua. Mimi niliona, nikanyamaza. Kwa hiyo ni wetu wawili."

Hakusema "kidogo". Nilisubiri aseme, hakusema.

Mzee wa wageni alishika ndevu zake. Mwinjilisti alitazama turubai. Nyuma ya pazia nilimwona dada ameweka mkono mdomoni, na nilijua kwamba hata kama kila mtu hapa atanisamehe, yeye atachelewa.

"Lete nionje," akasema shangazi wa Kagondo.

"Si zamu yako," mzee wao akamwambia.

"Zamu ilishaharibika, waitu. Lete."

Baba akampa mzee kwanza, kwa utaratibu. Mzee akanywa, akakunja uso waziwazi, akampa shangazi. Shangazi akanywa funda kubwa, akabaki na mashavu yaliyojaa, macho yakamtoka. Akameza kwa shida.

"Uwii!" akasema. "Tamu kama dhambi, halafu inakukwaruza kama dhambi!" Watu wakaanza kucheka. "Mwalimu, njoo hapa. Hebu niambie, ulifungua kutafuta nini?"

"Nilitaka kuona kama zinaiva."

"Kuona kwa macho!" akawageukia watu wake. "Nshomile! Hawa wakipanda mbegu wanafukua kila asubuhi kuuliza imelalaje." Akaurudisha mkono kwenye kibuyu, akanywa tena. "Nimekunywa mbaya kuliko hii. Harusini kwangu mimi. Baba mkwe alitia maji, na hakusema. Mpaka leo hajasema, na ameshakufa. Gaweni."

Tukagawa. Walikunywa, si wengi walioomba mara ya pili. Mama alitoa chai. Walieleza walichokuja kutafuta, dada akatoka, akapendeza, akaulizwa kama anawajua watu hawa, akasema anawajua. Aliponipita alinikanyaga mguu kwa makusudi na kiatu chake cha kisigino. Nilistahili.

Jioni, wageni walipoondoka, nilimkuta baba amekaa peke yake kwenye kiti cha kukodi, mguu juu ya kiti kingine.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Jumatano. Nilikwenda na fimbo. Upande mmoja udongo ulikuwa mkavu, ilhali mvua ilikuwa imenyesha."

Nikakumbuka ule udongo niliouchota chini ya mgomba.

"Mbona hukuniambia, Tata?"

"Nilikuuliza," akasema.

Nilikaa chini kwenye majani. Nilikuwa na majibu mengi, mengine mazuri. Baba akanyoosha mkono, akachukua kikombe kilichobaki na omuramba nusu, akaonja tena, akautema pembeni.

"Sukari," akasema. "Mungu wangu."

Hayo yalikuwa Novemba. Dada hakuongea nami wiki mbili, kisha akaniomba nimsomee ujumbe aliotaka kumtumia mkwewe, akitaka kujua kama una ukakasi. Niliusoma mara moja. Nikamwambia sentensi ya pili ina ukakasi. Akaifuta.

Sasa ni wiki ya harusi. Shangazi wa Kagondo alimpigia baba simu akasema wanataka omuramba wa Izigo, uletwe Bukoba Jumamosi, lakini mwalimu afungwe kamba. Nilidhani baba atamwita mtu mwingine. Goti limepona kiasi, angeweza hata kuingia mwenyewe. Jumapili baada ya ibada aliniita shambani, akanipa koleo, hakuhesabu kitu kwa vidole.

Leo ni Alhamisi. Usiku wa juzi mvua ilinyesha tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nimekaa barazani tangu asubuhi, na naandika haya ili mikono iwe na kazi. Kutoka hapa naona pale shambani, chini ya ule mgomba mkubwa, udongo umeloa wote, rangi moja. Sijui kilicho chini yake. Inawezekana ni baridi tupu. Nimefikiri sababu saba za kwenda kutazama, na tatu kati yake ni nzuri.

Saa kumi baba aliniuliza, "Hujaligusa?"

"Sijaligusa, Tata."

Akachukua fimbo, akashuka ngazi, akaenda. Nilimtazama akilizunguka shimo polepole, upande mmoja, upande wa pili, akiinama kadiri goti linavyomruhusu. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akarudi, akaegemeza fimbo ukutani, akakaa karibu nami.

"Kesho alfajiri," akasema. "Tutafungua pamoja."